Kanisa la Kombo

Jamani, tangu nirudi mnaniuliza kwa zamu. Mmoja anataka kujua Ulaya kukoje, mwingine anataka kujua mzee alifariki vipi, na mwashi mwenzangu wa pale chuoni anataka kujua mafundi wa Kizungu wa zamani walichanganya chokaa na nini. Nimechoka kusimulia vipande vipande huku kahawa inapoa, basi nimeandika yote mara moja. Habari za viza na tiketi naziruka, hazina utamu wowote. Ombi langu ni moja tu: karatasi hizi zisitoke hapa Kigoma. Mdogo wangu Espérance, anayeishi Brussels, asizione kabisa.

Woluwe: wodini kwa baba

Wengi wenu hamjui kwamba nilivuka ziwa kuja huku kwa sababu ya kanisa. Baba yangu alikuwa mwashi katika misheni moja kule Kivu, na bwana mkubwa wa ujenzi alikuwa bruda Mbelgiji aliyeitwa Frère Odilon. Mimi nilikuwa na miaka kama tisa walipojenga kanisa la mawe juu ya kilima. Baba ndiye aliyekuwa mtu wa kamba, yaani anapiga vigingi, anavuta kamba, na pale inapopita kamba ndipo unapopanda ukuta. Ninyi mafundi mnajua kwamba kazi yote imelala hapo.

Kanisa likaisha, zuri kweli. Lakini ukisimama mlangoni ukatazama mbele, ile sehemu ya altare haikuwa imenyooka na ukumbi wa waumini. Ilikuwa imekwenda kushoto, kama mtu aliyeinamisha kichwa ili asikie vizuri. Askofu alikuja kulibariki, akasimama mlangoni, akauliza nani alivuta kamba. Watu wote wakamtazama baba, na Frère Odilon akatazama viatu vyake.

Tangu siku hiyo baba akaitwa Kombo. Wakasema alikuwa amelewa, mtu ambaye hakuwahi kuonja hata pombe ya ndizi. Alifukuzwa kazi, na hakuvuta kamba tena maisha yake yote; alibaki kuchonga mawe ya kusagia na kuuza sokoni. Sisi shuleni tukawa watoto wa Kombo. Nilipofika miaka kumi na tisa nikaona sitaweza, nikapanda meli nikaja Kigoma, mahali ambapo hakuna aliyelijua kanisa letu. Espérance alizaliwa baadaye sana. Kwake yeye Kombo lilikuwa jina tu, kama Juma au Pierre.

Basi Espérance huyo ndiye aliyempeleka baba Brussels kutibiwa kifua. Vumbi la mawe lilikuwa limemjaa. Yeye anakaa Ganshoren, mtaa wa kimya kiasi kwamba ukikohoa unaona haya, na kazi yake ni kuwaogesha na kuwalisha wazee wa Kibelgiji majumbani mwao. Jioni anakwenda hospitali upande wa pili wa mji, Woluwe, kumlisha wa kwake. Nilipofika mwezi wa sita, daktari alikuwa ameshamwambia tuanze kuhesabu siku, si wiki.

Baba alikuwa amebaki macho na mikono. Siku ya tatu alimtuma Espérance akamtafutie supu, akangoja mlango ufungwe, akanieleza. Wiki moja kabla sijafika, Frère Odilon alikuwa amekuja pale wodini. Ana miaka tisini, anatembea na kile kigari cha wazee, ameletwa na binti wa dada yake. Alilia mpaka nesi akaja. Akasema kwamba alipokuwa mtoto, katika vita vya kwanza, yeye na mama yake walikimbilia Uingereza, wakahifadhiwa katika kijiji kimoja, akamtajia baba jina lake, chenye kanisa la kale, la mamia ya miaka, na sehemu yake ya altare imepinda. Alilipenda sana. Alipokuwa mtu mzima alirudi likizo akalipima lote, akalichora, na ndilo alilolijenga kwetu, na kupinda kwake. Mafundi walipokuwa wanakula mchana, alisogeza kigingi kwa mkono wake mwenyewe. Askofu alipokasirika, akaogopa.

Mimi nilisimama nikataka kwenda kumtafuta huyo bruda nimwonyeshe kazi. Baba akaniambia nikae. Yeye hakumwamini Odilon.

"Wazungu wakiona unakufa, wanakuwaka wapole," alisema. "Alikuja kunibembeleza. Nilimuuliza ile ya kule inapinda kiasi gani, akasema amesahau. Fundi anasahau kipimo?"

Baba mwenyewe hakuwa amesahau cha kwake. Siku askofu alipoondoka, alirudi peke yake na kamba akapima kosa lake.

"Yangu naijua," akasema. "Sitakuambia. Nikikuambia utaniletea ile ninataka, juu ya kunipenda. Wende upime, urudi uniambie. Ikiwa sawa na yangu, njo Odilon alisogeza kigingi. Kama haiko sawa, njo mimi, ni mimi nilikosea."

Tepu za kupimia baba aliziona kwa watu maisha yake yote na hakuziamini. Alipima kwa shibiri na vidole. Akaniambia ninyooshe mkono, akaweka kiganja chake juu ya changu, kidole kwa kidole, tukavipanua pamoja. Vilikuwa sawa kabisa. Akaridhika, akafumba macho. Nami niliona aibu kulia mbele yake, nikajifanya natafuta kiti. Espérance aliporudi na supu tulimwambia tu kwamba nakwenda Uingereza kutazama kama kuna kanisa lililopinda kama letu, na kwamba baba atafurahi likiwepo. Sharti lenyewe baba alinikataza kumwambia, maana angelia.

Kutoka Gare du Nord mpaka Ostende

Jumatano asubuhi Espérance alinifungia mikate midogo ya duara yenye jibini, na sombe, kisamvu chetu kile, ndani ya chupa ya jamu, kwa sababu alisema Waingereza hawajui kupika. Akanishusha Gare du Nord chini ya yale majengo ya vioo, akakimbilia kwa wazee wake.

Sasa tazameni ujinga wangu. Ndani ya kituo nikaona kibao kimeandikwa Nord, hatua mbili mbele kingine kimeandikwa Noord. Nikaamini ni vituo viwili na mimi nimeingia kisicho changu. Nikatoka mbio nje, nikazunguka jengo zima na begi langu nikitafuta kile cha kwanza. Mama mmoja Mkongo aliyekuwa anafagia mbele ya mlango alinitazama nikipita mara ya pili, akaegemea ufagio wake, akaniambia taratibu kwamba papa, yaani baba, ni ile ile moja, wanaiandika mara mbili, kwa lugha mbili, juu hawapatani. Treni yangu ikawa imekwenda.

Niliyoipata baadaye ilisimama katikati ya mashamba, ng'ombe wananitazama. Brussels walitangaza kila kitu kwa lugha mbili, nami Kifaransa nakisikia vizuri; lakini treni ikishaingia upande wa Waflemi, wale wa Noord, Kifaransa kinakoma kama bomba lililofungwa. Sauti ikasema jambo refu, abiria wote wakaguna, mimi nikaguna pia. Bibi kizee aliyekaa mbele yangu alimenya tufaha kwa kisu kidogo, akanipa nusu bila kuniuliza. Tulikaa pale karibu saa nzima na mpaka leo sijui kwa nini.

Ostende nikaikuta feri imeshaondoka. Ya pili ilikuwa ya alasiri. Nilikula sombe yangu baridi kwenye benchi la bandarini, upepo unataka kunivua koti, nikawa nahesabu: nikivuka leo, kesho asubuhi nipime, feri ya saa saba mchana inirudishe, kesho hiyo hiyo kabla ya kiza niko kando ya kitanda cha baba. Hesabu ilikuwa nzuri.

Baharini

Ile feri ilitikisika hata chipsi zikawa zinatembea zenyewe kwenye sahani. Na chipsi zenyewe wamezimwagia siki! Nilisema "Mungu wangu" kwa sauti, na mzee mmoja wa Kibelgiji mwenye kofia ya sufu akageuka, uso umefunguka.

Akaniuliza kwa Kiswahili natoka wapi. Alikuwa bwana shamba kule Kivu miaka kumi na miwili, wa kahawa. Kiswahili chake kilikuwa cha kuamrisha tupu, kila neno lete, kuya yaani njoo, ngoja, lakini alikisema kwa upendo mkubwa, na machozi yalimlengalenga alipotaja majina ya vilima. Alininunulia kahawa. Hakuwa mtu mbaya, nataka mjue hivyo. Alikuwa mpweke, na alikuwa anakwenda kumwona mjukuu wake asiyejua neno la Kifaransa.

Akataka kujua ni misheni gani hasa. Nikamtajia. Akapiga meza kwa kiganja.

"Ah, kanisa ya kombo!" akasema. "Ile fundi alikuwa mulevi kabisa. Sisi wote tulicheka, hata monseigneur askofu alicheka nyuma."

Nilikuwa nimebeba kamba ya kupimia mfukoni. Ningeweza kumwambia kwamba fundi huyo yuko Woluwe anapumua kwa mpira, na kwamba mimi ni mwanawe. Nilicheka kidogo, kile kicheko cha kumfurahisha mkubwa, nikaendelea kuinywa kahawa yake mpaka ikaisha. Nilifika Ramsgate, bandari ya Waingereza, jioni nikiwa najichukia, nikalala katika nyumba ya wageni ya mama mmoja aliyenipa chumba chenye mapazia ya maua na kuniuliza mara tatu kama nasikia baridi.

Kijijini: nangoja

Alhamisi asubuhi basi lilinishusha kijijini kabla ya saa nne. Jina la kijiji silitaji, haliwasaidii. Kanisa liko katikati ya makaburi, na makaburi yenyewe mawe yake yamelala huku na huku. Mnara mfupi, mnene. Kuta za mawe meusi ya gumegume yaliyokatwa yakang'aa kama chupa, yamepangwa ndani ya chokaa, na kwenye pembe tu ndiyo yamewekwa mawe makubwa ya kuchongwa. Nilipapasa chokaa ile kwa kidole: ina mchanga mnene na vipande vya kombe za baharini ndani yake. Haya, mwashi mwenzangu, nimekujibu.

Mlango ulikuwa umefungwa kwa kufuli kubwa. Kwa nje sikuweza kuona kupinda, kwa sababu karne baada ya karne wameongeza chumba hapa na nguzo ya kuegemeza kule, mpaka mstari umefichika. Ng'ambo ya ukuta kulikuwa na bwana mrefu, mwenye suspenda za kushikia suruali, anakata ua wa nyumba yake kwa mkasi. Nikaenda kumwamkia.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo nilipoharibu. Kule Kivu ile sehemu ya altare tunaiita kwa Kifaransa, le chœur. Baba aliita hivyo, Odilon aliita hivyo. Kiingereza changu mnakijua, ni cha vitabu na cha ukubwani. Usiku nyumba ya wageni nilikuwa nimefungua kamusi yangu ndogo, nikatafuta chœur, ikanipa choir. Nikajua kwamba neno hilo ndilo kwaya, lakini nikasema moyoni, kamusi imeandikwa na wasomi, mimi nani? Basi nikamwambia yule bwana, kwa heshima zote, kwamba nimetoka mbali sana, kutoka Afrika na kutoka Brussels, nimekuja kwa ajili ya choir yao.

Alifurahi kuliko nilivyotegemea. Akaweka mkasi chini, akaniambia saa kumi na mbili na nusu jioni. Nikamwuliza kama haiwezekani mapema, kwa sababu nina mgonjwa. Akasikitika kweli, akasema haiwezekani, wote wako kazini mpaka jioni.

Nikaelewa kwamba sehemu ya altare ina walinzi wake wenye funguo, na walinzi hao wameajiriwa kwingine. Nikasema hii ndiyo Ulaya, kila kitu kina saa yake. Sikubisha. Mimi ninayebishana na wanafunzi wangu wa uashi siku nzima, pale nikawa mpole kama mgeni harusini.

Mke wake aliniletea chai na mkate mwembamba uliotiwa matango mabichi, nikakaa barazani mwa kanisa kwenye benchi la mawe lililomomonyoka katikati kwa kukaliwa. Nikazitazama alama za mafundi kwenye nguzo za baraza, vimishale na misalaba midogo, kila mtu na yake ili ajulikane jiwe alilochonga. Saa saba ikapita, na feri yangu nayo. Saa nane nilisinzia. Saa kumi niliamka nikamkumbuka baba na nikajisemea si kitu, ni siku moja tu.

Saa kumi na mbili na nusu

Walikuja watu tisa, wengi watu wazima, wamebeba vitabu kwapani, wakanipa mkono mmoja mmoja. Yule bwana wa suspenda akaja wa mwisho. Akatia mkono mfukoni mwa suruali, akatoa ufunguo wa kanisa.

Wakaniingiza, wakanisimamisha kati ya wanaume wawili wenye sauti nzito, wakanipa kitabu. Mama aliyekaa kwenye kinanda akaniuliza kama naimba sauti ya kwanza au ya nne. Ndipo nilipoelewa. Nilijisikia uso unawaka. Nikaanza kueleza kwa mikono, sikuja kuimba, nimekuja kuona ile, na nikanyoosha kidole mbele kwenye altare. Wakatamka neno lao la sehemu hiyo, ambalo halimo katika kamusi yangu. Yule bwana akawa mwekundu mpaka shingoni. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwake tangu asubuhi. Angenifungulia saa nne ile ile. Aliniomba radhi mara tatu, na mimi nikamwambia si kosa lake, na kweli halikuwa kosa lake.

Kisha nikarudi mlangoni nikatazama mbele. Lilikuwa kanisa letu. Dari ni nyingine, ya magogo ya mwaloni meusi, na sakafuni kuna mawe ya makaburi yaliyofutika majina. Lakini upana ule, tao lile, ngazi mbili zile. Hata kile kidirisha kidogo kilicho chini karibu na ardhi upande wa kulia, ambacho kwetu hakuna aliyejua kazi yake na watoto tulikiita dirisha la kuku, kilikuwepo. Na altare ilikuwa imekwenda kushoto.

Nilitoa kamba. Mama mmoja mwenye koti la kijani alinishikia ncha katikati ya mlango wa magharibi, yule bwana akahakikisha inapita katikati ya tao, nami nikaivuta mpaka ukuta wa mashariki, nyuma ya altare, nikatia alama ya chaki pale ilipogusa. Kisha nikapima kwa mkono kutoka hapo hadi katikati ya dirisha kubwa. Wengine walikuwa wameanza mazoezi polepole ili wasipoteze jioni yao, wakawa wanarudia mstari mmoja huo huo wa wimbo wanaokosea. Nilipima mara tatu. Shibiri mbili na vidole vitatu. Nikatia fundo kwenye kamba.

Nilimwuliza yule bwana kwa nini limepinda. Akasema wengi hupenda kuamini kwamba ni makusudi, kwamba ile ni namna ya kumkumbuka Yesu alivyoinamisha kichwa msalabani, na watalii huambiwa hivyo na hunyamaza kwa heshima. Yeye mwenyewe anadhani ni tauni. Mafundi wakubwa walikufa, waliobaki walijenga upya ukumbi wakashindwa kuulenga na altare ya zamani. Akasema hakuna aandikaye jina la fundi wa zamani hizo, basi hatutajua.

Nilikaa kwenye kiti cha mwisho. Niliona uchungu ambao siwezi kuueleza vizuri. Kwao kosa la mwashi limekuwa kichwa cha Yesu, na kwetu kosa ambalo mwashi hakulifanya likawa jina la baba yangu.

Nje, kando ya kituo cha basi, kulikuwa na kibanda cha simu. Namba ya wodi nilikuwa nayo, na sarafu nilikuwa nazo. Nilifungua mlango wa kibanda, nikasimama nimeushika. Nikajiambia habari kama hii haipigiwi simu. Nilitaka kuuona uso wake. Nilitaka aniulize, nimwambie, nione miaka arobaini inamtoka mabegani. Nikaufunga mlango, nikapanda basi. Hilo nimelifikiria kila siku tangu hapo, na bado sijapata namna ya kujitetea.

Kurudi Brussels

Ijumaa bahari ilikuwa tulivu, treni haikusimama popote, kila kitu kilikwenda kwa saa yake. Nilishuka Gare du Nord jua bado kali, nikapanda basi la Ganshoren ili nimchukue Espérance twende wote hospitali.

Mlango wa ghorofa yake ulikuwa wazi. Viatu vilikuwa vimejaa koridoni. Sebuleni viti vimetolewa, akina mama wa kwetu wamekaa chini kwenye magodoro, na wimbo walioimba sikuhitaji kusikiliza maneno yake. Baba alikuwa amefariki alfajiri ile.

Sitaandika habari za saa ile ya kwanza. Baadaye Espérance alinivuta jikoni ambako alikuwa anachemsha chai ya wageni, akafunga mlango. Macho yamevimba. Akasema kuna jambo amefanya na nisimkasirikie.

Alinisimulia kwamba Alhamisi tangu saa kumi alasiri baba alikuwa anauliza neno moja tu: amepiga simu? Akinyweshwa maji anauliza, akigeuzwa anauliza. Mpaka jioni mdogo wangu akashindwa kuvumilia. Akatoka koridoni, akasimama kidogo karibu na simu ya wodi, akarudi.

"Yaya, nilimudanganya papa," alisema; yaya kwetu ni kaka. "Nilimwambia umepiga telefone, na kanisa ya kule inapinda. Alifurahi sana, yaya, alishika mukono yangu. Kisha akaniuliza, ngapi? Mimi najua nini mambo ya kupima? Nikaona nisimupe namba kubwa, juu atahangaika. Nikamwambia vidole mbili."

Nikamwuliza baba alisema nini.

"Akasema, vidole mbili haiko kupinda, ni ukuta ya zamani tu. Yangu ilikuwa shibiri mbili na vidole tatu. Akasema, bon, njo mimi. Akageukia ukuta. Akalala vile mpaka asubuhi. Lakini alikuwa mutulivu, hata hakulia."

Maji yalikuwa yanachemka na hakuna aliyeyatazama. Espérance alikuwa ananitazama mimi, anasubiri, amekunja khanga mkononi kama alivyokuwa akifanya utotoni alipovunja kitu.

"Yaya, sema ukweli. Njo dhambi sana? Kule ilikuwa ngapi?"

"Ulipatia," nikamwambia. "Vilikuwa viwili."

Akamshukuru Mungu, akapangusa uso, akamimina chai kwenye vikombe akawapelekea wageni.